Eti Ulaya serikali inakulipia nyumba? Hebu tupige hesabu

Wadau, kuna kauli moja nimeisikia tangu nikiwa Bongo, na hata huku Uingereza bado inanifuata, iwe kwenye simu na ndugu au kwenye sherehe za Watanzania ambako pilau likishaliwa mazungumzo huwa ni yale yale. "Nyie wa Uingereza mna raha, mtu akikosa kazi serikali inamlipia nyumba." Anayeisema huisema kwa uhakika kabisa, kama vile ameiona hundi yenyewe. Na wapo wenzetu wa huku huku, waliobeba maboksi miaka kumi, nao wanaiamini mpaka siku yanapowakuta.

Ruzuku ya pango ipo, na imewaokoa watu wengi wasilale nje. Sitaki mtu anisome vibaya hapo. Lakini serikali haimlipii mtu nyumba yake. Inamlipia nyumba ya kufikirika iliyo kwenye karatasi, yenye idadi ya vyumba ambavyo kanuni inaona vinamtosha na bei ambayo kanuni inaona inafaa. Kama nyumba anayoishi inafanana na hiyo ya kwenye karatasi, ana bahati. Kama haifanani, tofauti anaitoa mfukoni. Na hoja yangu leo ni kwamba hesabu hii, ilivyoandikwa, si mbaya sana. Ubaya uko kwenye namna wanasiasa wanavyoisimamisha kama saa iliyoishiwa betri, halafu wanatuonyesha kwamba saa bado ipo ukutani.

Ngoja kwanza niweke sawa naongelea nani. Naongelea mtu aliyepanga kwa mwenye nyumba binafsi, awe ni mama mmoja mwenye kijumba cha kurithi au kampuni yenye majengo kumi. Waliopanga nyumba za halmashauri wana kanuni zao, leo sitawagusa. Wazee waliofika umri wa pensheni bado wanaomba ruzuku hii kwa halmashauri, kwa jina lake la zamani la Housing Benefit. Walio katika umri wa kufanya kazi siku hizi karibu wote wanaipata ndani ya Universal Credit, ule mfumo ulioanza 2013 wa kukusanya misaada kadhaa kwenye malipo mamoja ya mwezi. Milango ni miwili lakini dari ni moja, nalo ni kile kiwango cha eneo ambacho watu wa huku wanakiita kwa herufi tatu tu, LHA.

Kiwango hicho kinapatikanaje?

Wanaanza na eneo. England peke yake imegawanywa katika maeneo 152 ya soko la upangaji, na Scotland na Wales nazo zina ya kwao. Maeneo haya si mitaa wala si halmashauri, ni mapana zaidi. Wazo ni kwamba ndani ya eneo moja mtu aweze kufikia shule, hospitali, benki, maduka na sehemu za burudani bila safari ya kupitiliza. Kwenye karatasi inapendeza. Shida ni pale mji wa bei mbaya unapofungwa kamba moja na miji ya pembeni yenye bei nafuu. Mfano unaotajwa sana ni Cambridge, ambayo imewekwa fungu moja na miji kama Ely na Newmarket. Ile miji inashusha bei ya katikati, kisha mpangaji wa Cambridge yenyewe anaambiwa pango lake limezidi. Ni kama uchukue Masaki na Chanika, utafute bei ya kati, halafu umwambie mtu wa Masaki kwamba ndiyo bei ya mtaani kwake.

Kuna mpangaji mmoja wa Sheffield aliyegombea jambo hili chini ya kanuni zilizotangulia. Alisema maofisa wamechora eneo pana kupita sheria inavyoruhusu, akapambana mahakama hadi mahakama, na Julai 2008 majaji wa ngazi ya juu kabisa, ambao wakati huo bado walikuwa wanakaa katika Baraza la Malodi, wakamkubalia. Mnajua serikali ilifanya nini? Ilibadilisha maneno ya kanuni, maeneo mapana yakaendelea kuwepo. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Baada ya eneo wanakuja kwenye vyumba. Hapa hawaulizi nyumba yako ina vyumba vingapi, wanauliza nyinyi mko wangapi. Mume na mke chumba kimoja. Kila mtu mzima mwingine wa miaka 16 na kuendelea ana chumba chake. Watoto wawili wa jinsia moja walio chini ya miaka 16 wanalala pamoja, na watoto wawili walio chini ya miaka 10 wanalala pamoja hata kama ni wa kiume na wa kike. Sebule haihesabiwi. Mwisho ni vyumba vinne, hata kama una watoto tisa. Kwa sisi tuliokulia nyumba ambayo binamu sita wanalala kwenye jamvi moja, hii inaonekana ni ukarimu mkubwa, na kwa kweli sehemu hii ya kanuni mimi sina ugomvi nayo sana.

Halafu ndiyo bei. Kila mwaka maofisa wa serikali wanakusanya bei za pango ambazo watu wamelipa kweli kweli katika miezi 12 inayoishia Septemba. Bei za wapangaji ambao tayari wanapata ruzuku wanaziweka pembeni, ili serikali isije ikajipimia kwa pesa yake yenyewe. Zilizobaki wanazipanga mstari kutoka ya chini hadi ya juu, kwa kila ukubwa wa nyumba. Tuseme eneo lako wamepata nyumba 100 za chumba kimoja. Wanahesabu kuanzia ya bei ya chini kabisa mpaka wanafika ya 30. Kama hiyo ya 30 inalipiwa pauni 650 kwa mwezi, basi dari ni 650. Ukiwa umepanga ya 620, wanachukua 620. Ukiwa umepanga ya 720, wanachukua 650, na zile 70 utajua mwenyewe.

Na si kwamba hiyo 650 inaingia yote kwa kila mtu. Hapo ni kabla hawajaangalia kipato. Kwenye Universal Credit wanajumlisha ruzuku ya pango na posho ya kujikimu na fungu la watoto kama unao, kisha kwenye jumla hiyo wanakata senti 55 kwa kila pauni unayopata kazini. Wenye watoto au wenye maradhi yanayowapunguzia uwezo wa kazi wanaachiwa kiasi cha mwanzo kisichokatwa, lakini mtu mmoja asiye na mtoto anakatwa kuanzia pauni ya kwanza. Akiba yako ikizidi pauni 16,000, kwaheri, hupati kitu. Na mwombaji mpya anasubiri kama wiki tano kabla ya malipo ya kwanza. Akishindwa kusubiri anapewa mkopo ambao utakatwa miezi ijayo. Kumbukeni hapo mwenye nyumba hasubiri wiki tano.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu mfumo huu haukushuka kutoka mbinguni. Mpaka mwisho wa miaka ya 80 wapangaji wengi wa Uingereza walilindwa na bei iliyodhibitiwa, kwamba mwenye nyumba hawezi kuamka asubuhi akapandisha anavyotaka. Serikali ya Margaret Thatcher ikapitisha sheria ya 1988, na kuanzia Januari 1989 mikataba mipya ikaenda kwa bei ya soko. Watu wakauliza, na masikini je? Mwaka 1991 waziri wa nyumba wa wakati huo, George Young, akaliambia Bunge kwamba ruzuku ya pango ndiyo itakayobeba mzigo. Yaani pango lipande litakavyopanda, ruzuku itafuata. Wakati huo huo nyumba za halmashauri zilikuwa zinauzwa kwa wapangaji wake, utaratibu ulioanza 1980 ambao mpaka leo umeondoa karibu nyumba milioni 2. Kwa hiyo masikini akahamishwa kutoka nyumba ya umma yenye pango dogo kwenda kwa mwenye nyumba binafsi mwenye pango kubwa, na serikali ikajitwika kulipa tofauti. Halafu miaka iliyofuata serikali hiyo hiyo, chama hiki na kile, ikaanza kushangaa mbona bili imekuwa kubwa!

Tangu hapo kazi imekuwa ni kupunguza bili. Mwaka 1996 wakaweka dari za kwanza za eneo. Mwaka 2003 chama cha Labour kikaanza kujaribu LHA katika sehemu tisa, na Aprili 2008 ikawa ya nchi nzima. Ile ya mwanzo ilikuwa na ustaarabu wake. Dari ilikuwa ni nyumba ya 50 kati ya 100, ya katikati kabisa, na ukipata nyumba ya bei chini ya dari uliruhusiwa kubaki na tofauti mpaka pauni 15 kwa wiki. Kwa hiyo mpangaji alikuwa na sababu ya kupatana bei na mwenye nyumba kama sisi tunavyopatana Kariakoo. Zile 15 ziliondolewa Aprili 2011. Katika bajeti ya Juni 2010 George Osborne alishatangaza kwamba kutoka 50 tunashuka hadi 30, na Aprili hiyo hiyo ya 2011 ikawekwa na dari ya taifa juu ya dari ya eneo: pauni 250 kwa wiki kwa chumba kimoja, hadi 400 kwa vyumba vinne. Namba hizo zimebadilika tangu wakati huo, lakini dari ya taifa imebaki, na inawagonga kichwa watu wa katikati ya London ambako hata nyumba ya 30 inaipita.

Nitasema jambo ambalo baadhi ya marafiki zangu wa mrengo wa kushoto hawatalipenda. Mimi sigombani na 30. Mlipa kodi, akiwemo yule mwenzetu anayesafisha ofisi saa kumi alfajiri, ana haki ya kuuliza kwa nini amlipie mwingine nyumba ambayo yeye mwenyewe haiwezi. Na namba 30 ina ahadi ndani yake. Inasema hivi: hutapata nyumba yoyote unayoitaka, lakini katika kila nyumba kumi za eneo lako, tatu utazimudu. Ahadi hiyo ni finyu lakini inaeleweka, na mtu anaweza kupanga maisha yake juu yake.

Tatizo ni kwamba miaka mingi ahadi hiyo haikutekelezwa, na haikutekelezwa kimya kimya. Mwaka 2013 wakaacha kufuata bei za pango, wakapandisha viwango kwa mfumuko wa bei za madukani. Miaka ya 2014 na 2015 wakapandisha kwa asilimia 1 tu, ukiacha maeneo machache. Kuanzia 2016 wakavigandisha kwa miaka minne. Ikaja korona, na Machi 2020 Rishi Sunak, akiwa waziri wa fedha, akatangaza viwango vinarudi kwenye ile 30. Watu wakapumua. Kisha vikagandishwa tena palepale mpaka 2024, katika miaka ambayo pango lilipanda kwa kasi ambayo wapangaji wa huku hawajaizoea. Novemba 2023 Jeremy Hunt akatangaza vitarekebishwa, na Aprili 2024 vikarekebishwa kweli, kwa bei za pango zilizoishia Septemba 2023. Maana yake siku ya kwanza ya kutumika vilikuwa tayari na miezi sita. Labour wakaingia madarakani Julai mwaka huo, na ilipofika Aprili 2025 wakaviacha vilivyo.

Rudini kwenye nyumba zetu 100. Dari ni 650 kwa sababu ndiyo bei ya nyumba ya 30. Pango likipanda kwa asilimia 20, nyumba ile ile ya 30 sasa inalipiwa 780. Dari imebaki 650. Ukianza kuhesabu kutoka chini ukitafuta nyumba zilizo chini ya 650, unaweza kukuta tano au sita, na hizo ndizo zinazovuja, na tayari zina watu. Kwenye tovuti ya serikali bado utasoma kwamba kiwango kinatokana na asilimia 30. Si uongo, maana kilitokana nayo. Ila imekuwa ni historia.

Kinachonikera zaidi kama mwandishi wa habari ni hiki. Wakati wa kugandisha, maofisa hawaachi kazi. Wanaendelea kukusanya bei kila mwaka, wanapanga mstari, wanatoa ile namba ya 30 kwa kila eneo, inachapishwa. Swali limejibiwa, jibu linawekwa kabatini, waziri anatumia jibu la zamani. Na sisi wa vyombo vya habari tunapitwa, kwa sababu kazi yetu inasubiri kitu kitokee. Waziri akisema "napunguza ruzuku kwa pauni 130 kwa mwezi", kesho ni ukurasa wa mbele na wapinzani wanapiga kelele. Akisema "mwaka huu viwango havibadiliki", utamweka kwenye ukurasa gani? Hakuna kilichotokea. Lakini kwa mpangaji wa 780 matokeo ni yale yale, pauni 130 kila mwezi. Kugandisha ni kupunguza kusikohitaji kutangazwa, ndiyo maana serikali za vyama vyote zinakupenda.

Najua jibu la upande wa pili, na si jibu la kijinga. Wanasema ukipandisha ruzuku unamlisha mwenye nyumba, kwa sababu naye anajua dari ni kiasi gani na anapandisha pango hadi hapo. Yapo maeneo ambayo wapokea ruzuku ni wengi kiasi kwamba hoja hiyo ina uzito. Lakini kama ruzuku ndiyo inayopandisha pango, basi kuigandisha kungelituliza. Tumeona miaka minne ya kugandisha mara ya kwanza, tukaona minne mingine, na pango likaendelea kupanda, kwa sababu nyumba ni chache na wanaozitaka ni wengi. Mwenye nyumba hakushusha bei kwa sababu mpangaji wake anapewa kidogo. Alitafuta mpangaji mwingine. Miaka mingi matangazo yalikuwa yanaandika waziwazi kwamba mtu wa ruzuku asijisumbue, mpaka Julai 2020 mahakama moja ya York iliposema kuwakataa watu wa namna hiyo kwa jumla ni ubaguzi, kwa vile wanaoumia zaidi ni wanawake na walemavu. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 nayo imeligusa hilo. Ni hatua nzuri, ila kwa mwenye nyumba ya 780 na mwombaji mwenye dari ya 650, hakuna haja ya kubagua. Hesabu yenyewe inamkatalia.

Sasa niwageukie nyinyi wenye umri wangu, maana hapa ndipo tunapoguswa moja kwa moja. Kama wewe uko peke yako, huna mwenza wala mtoto anayeishi na wewe, na hujafika miaka 35, kiwango chako si cha nyumba ya chumba kimoja. Ni cha chumba ndani ya nyumba ya kushirikiana, jiko na choo mnagawana na watu msiojuana. Kanuni hii ilianza 1996 kwa walio chini ya 25, na unaweza kuielewa, kijana wa miaka 22 kuishi na wenzake si ajabu. Januari 2012 wakaipeleka mpaka 35. Thelathini na tano, jamani! Kwa umri huo kwetu mtu ameshakuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi za wadogo zake.

Nina jamaa yangu katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza, mtu wa Tanga, uraia wa huku alishapata zamani. Ana miaka 33. Alikuwa mpishi kwenye mgahawa, akapanga nyumba ya chumba kimoja kwa pauni 700 kwa mwezi, analipa vizuri. Mwaka 2025 mgahawa ukafungwa. Akaomba Universal Credit akijua kwamba pango halitalipwa lote, lakini alikadiria kwa kiwango cha nyumba ya chumba kimoja. Wakamwambia kiwango chake ni cha chumba cha kushirikiana, kama 380. Posho ya kujikimu ya mtu mmoja wa miaka 25 na kuendelea mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 400.14 kwa mwezi. Jumlisha, ni 780.14. Toa pango 700. Jamaa kabaki na 80.14 ya chakula, umeme, maji, simu na nauli ya kwendea usaili wa kazi, kwa mwezi mzima. Anaambiwa dawa ni kuhama. Kuhama kwenda wapi wakati mkataba una miezi mitano mbele, chumba kipya kinataka amana, na wanaopangisha vyumba wanataka kwanza kuona hati ya mshahara?

Huyo bado ana nafuu kuliko baba aliyeachana na mkewe. Mtoto akiwa anaishi kwa mama na kuja kwa baba Ijumaa hadi Jumapili, kwa kanuni hii hahesabiwi kwa baba. Baba wa miaka 31 analipiwa chumba kwenye nyumba ya wanaume watano asiowajua, na humo ndimo alaze bintiye wa miaka saba. Wapo waliosamehewa kanuni hii, kama vijana waliolelewa na serikali hadi wafike 25, waliokaa kwenye hosteli za wasio na makazi kwa miezi mitatu, baadhi ya walemavu na, tangu 2022, walionyanyaswa na wenza wao. Baba wa wikiendi hayumo. Mwanasiasa anayetaka kuhubiri familia angeanzia hapa, na isingemgharimu hata robo ya anachotumia kwenye mabango.

Mambo mawili ya haraka kwa familia zetu za Kiswahili, maana wengi hawayajui mpaka barua ifike. La kwanza ni mgeni asiyeondoka. Akija mdogo wa mkeo kwa wiki mbili, ni mgeni. Akigeuka mkazi na ana miaka 21 au zaidi, kwenye Universal Credit anahesabiwa chumba, sawa, lakini unakatwa pia zaidi ya pauni 90 kwa mwezi kwa kudhaniwa kwamba anachangia, hata kama anachochangia ni kula tu. Kuna misamaha, uliza kabla hujakatwa. La pili ni dari ya misaada yote kwa pamoja, iliyoanza 2013. Tangu Aprili 2023 familia iliwekewa pauni 25,323 kwa mwaka London na 22,020 nje ya London. Ukiwa na watoto wanne na pango la London, unaweza kuwa ndani ya kiwango cha eneo na bado dari hii ikakata juu, na wanachokipunguza ni pesa ile ile mliyotegemea kulipia nyumba. Ukifanya kazi na kipato kikafika kiasi fulani, dari hii haikuhusu.

Ningekuwa na kura bungeni ningeitumia kwa jambo moja tu dogo: kiwango cha kila Aprili kiwe ile namba ya 30 waliyoitoa maofisa, kwa sheria, bila waziri kuuliza mwaka huu tufanyeje. Akitaka 25, aje mbele ya Bunge aseme nataka 25, tumsikie sababu zake. Gharama itakuwepo, na ni kubwa, lakini hata sasa gharama ipo. Familia inayofukuzwa kwa kushindwa tofauti ya pango inaishia kwenye makazi ya muda ambayo halmashauri inalipia, mara nyingi chumba cha hoteli chenye bei ya kila usiku. Pesa iliyookolewa wizarani inatokea mfuko wa halmashauri, na ikirudi inakuwa imeongezeka.

Na wale mnaoniandikia kutoka Dar na Mombasa mkiuliza kama mkija kwa masomo mtapata hii kitu: hapana. Viza ya mwanafunzi, ya kazi, na mara nyingi hata ya mwenza, imeandikwa kwamba mwenye nayo hana haki ya kugusa mifuko ya umma, na ruzuku ya pango ni mmojawapo. Ukiiomba na ukapewa kwa makosa, unaweza kuharibu viza yenyewe. Wanaoipata ni raia, wenye ukaazi wa kudumu na waliokubaliwa ukimbizi. Ambaye bado anasubiri jibu la hifadhi yuko kwenye mfumo mwingine kabisa wa wizara ya mambo ya ndani, nao unastahili siku yake. Kwa hiyo mjomba akikwambia uje tu, nyumba serikali italipa, muulize kwanza ni nyumba gani, ya mwaka gani.

Nawasilisha.